Matokeo ya mtihani: Saa ya kwanza ni amana ya mzazi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Subhaanahu Wataala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka hufika siku ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo, yawe ya darasa la saba, ya kidato cha nne au ya kidato cha sita. Zamani mzazi alisubiri orodha ibandikwe shuleni. Leo matokeo huwekwa katika intaneti, na yeyote aijuaye namba ya mtihani ya mtoto aweza kuyaona kabla ya mtoto mwenyewe. Jirani huja na pole zake ilhali mama hajajua ni pole ya nini.

Tunalotaka kulisema Ijumaa hii ni moja: saa ya kwanza baada ya matokeo ni amana mikononi mwa wazazi. Mtihani umekwisha kusahihishwa, na hakuna karipio litakaloongeza alama hata moja. Lakini lipo neno liwezalo kuuvunja moyo wa kijana kwa miaka mingi, na lipo neno liwezalo kumwinua siku ile ile.

Tutazame mwenendo wa Mtume wetu (SAW). Anas bin Malik (RA), aliyemtumikia tangu utotoni kwa muda wa miaka kumi, amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba hakupata kuambiwa hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye, wala kuulizwa kwa nini alifanya hili au aliacha lile. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad, watu wa nyumbani walipomlaumu kwa jambo lililoharibika, Mtume (SAW) aliwataka wamwache, kwani lililokadiriwa ndilo huwa. Je, mtoto wetu aliyerudi na Daraja la Nne au sifuri hastahiki upole huo?

Atasema mtu: basi tuwalee watoto katika uvivu na kuusingizia qadari? La hasha. Katika Sahihi Muslim, Mtume (SAW) ametuamrisha kulipupia lenye manufaa, kumtaka msaada Mwenyezi Mungu na kutolegea. Kisha akatukataza, pindi tunaposibiwa na jambo, kushika wimbo wa "lau", kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani mlango. Jitihada ni kabla, ridhaa ni baada. Lakini sisi wengi tumeligeuza: mwaka mzima hatukagui daftari la mtoto, na siku ya matokeo ndipo tunapopaza sauti. Lau ungeacha simu! Lau ungekuwa kama mtoto wa fulani! Makosa yana wakati wake wa kuzungumzwa, nao ni baada ya machozi kukauka, kwa mashauriano na si kwa matusi.

Tukumbuke pia kwamba matokeo ni kazi ya wanadamu. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na Mei mwaka huo matokeo yakapangwa upya, baadhi ya walioandikiwa sifuri wakawa wamefaulu. Je, wale walioitwa wajinga mwezi wa Februari, waliombwa radhi mwezi wa Mei?

Hatusemi kwamba kila matokeo mabaya yatabadilishwa. Tunasema karatasi hupima mtihani, haimpimi mja. Surat Al-Baqara, aya ya 216, inatufundisha kwamba mtu huweza kulichukia jambo nalo likawa na kheri kwake. Na njia hazijafungwa. Yupo atakayerudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yupo atakayefaa zaidi katika ufundi kwenye vyuo vya VETA, na yupo ambaye ufaulu wake, japo mdogo, unamtosha kuanza masomo ya cheti. Usajili una tarehe zake. Mzazi anayenuna mwezi mzima hupitwa na nafasi. Keti na mwanao, waulizeni walimu, kisha muswali Istikhara.

Lipo jambo zito zaidi. Kijana akikataa chakula, akikosa usingizi, akijifungia chumbani siku nyingi, au akisema kwamba ni afadhali asingekuwapo, asiambiwe anadeka. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali akazungumze na wataalamu. Kufanya hivyo si upungufu wa imani, kwani Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu. Nawe kijana, jua kwamba Surat An-Nisaa, aya ya 29, imekataza mtu kuiua nafsi yake, na aya hiyo hiyo inakumbusha kwamba Mola wako ni mwenye kukurehemu. Nabii Yaaqub (AS) alimlilia mwanawe hata macho yakapofuka, lakini hakuikatia tamaa rehema ya Mola wake, wala hakuwaruhusu wanawe waikatie tamaa. Kulia si dhambi. Kukata tamaa ndiko kulikokatazwa.

Kwa waliofaulu, tunawapongeza. Shukurani yao iwe sijda na sadaka, si ngoma mlangoni mwa jirani ambaye mwanawe amejiinamia ndani. Nao maimamu wetu tunawaomba, msimu wa matokeo unapofika, walizungumze jambo hili juu ya mimbari kabla halijazifikia nyumba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi ndimi laini na subira njema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.