Picha Bila Sauti Njema Haitatufaa

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo vijana wengi huliona dogo, nalo ni sauti katika picha za sinema. Siku hizi kamera za DSLR zimeenea kila mahali. Utaziona arusini, mikutanoni, na hata hapa shuleni siku ya mahafali. Kila mwenye kamera hiyo husifiwa kwa uzuri wa picha zake, lakini sijapata kusikia mtu akisifiwa kwa sauti. Mimi nasema ya kwamba sisi wa Kibiti na wa Delta ya Rufiji, tukitaka kuweka kumbukumbu za wazee wetu, sauti ndiyo ya kutangulizwa. Tena inaswe kwa chombo chake yenyewe, kisha iunganishwe na picha.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili si la mchezo. Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika sana, na baada ya hapo serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda kukaa nchi ya juu, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka ule alizaliwa mwaka 1956, na leo ni mzee wa karibu miaka 70. Huyo ndiye anayekumbuka jinsi watu walivyoishi na mto: dungu lilivyojengwa shambani, mpunga ulivyolindwa, na maji yalivyotambuliwa kabla hayajafika. Mafuriko yalipokuja tena mwaka 2024, wengi wetu tulitamani kujua hayo. Na huko delta wako wazee wanaoutambua mkandaa, mchu, msinzi na mkomafi kwa kutazama gome tu, na wanaojua jinsi boriti zilivyopakiwa majahazini kwenda Arabuni. Kamera itatuonyesha mzee amekaa juu ya mkeka. Maarifa yenyewe yamo kinywani mwake.

Muhula uliopita tulionyeshwa bwaloni filamu fupi iliyotengenezwa na vijana fulani kule ufukweni. Picha zilikuwa safi mno, hata mikunjo ya uso wa mzee aliyehojiwa ungeweza kuihesabu. Lakini upepo ulivuma ndani ya filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho, na injini ya boti ikapita katikati ya maneno. Tulibaki kutazama mdomo ukifunguka na kufumba kama wa samaki. Baada ya dakika tano wanafunzi walianza kuzungumza mambo yao. Nasadiki kwamba kama tungezimiwa picha tukaachiwa sauti njema, tungekaa kimya tukasikiliza, kama tunavyosikiliza redio.

Sababu ya kasoro hiyo si ngumu kuieleza. Kamera za DSLR zilibuniwa kwa ajili ya picha za mnato. Kupiga picha za sinema kulianza mwaka 2008, kwa Nikon D90 na baada yake Canon EOS 5D Mark II. Kipaza sauti kilichomo ndani yake ni kidogo, nacho hunasa mlio wa lenzi na mikwaruzo ya vidole vya mpigaji. Tena kamera nyingi hujipimia sauti zenyewe: mzee akinyamaza kuvuta pumzi, kamera huongeza nguvu ikitafuta cha kusikia, na hapo mvumo hupanda, akianza kusema, huushusha tena. Kubwa kuliko yote ni umbali. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua ikawa robo. Basi kipaza sauti kilicho nusu mita kutoka kinywani hupata nguvu mara 16 kuliko kamera iliyosimama mita mbili. Lakini upepo na injini havipungui kwa kamera. Ndiyo maana vikashinda.

Dawa yake ni kinasa sauti kilicho peke yake, na kipaza sauti kidogo kibanwe kifuani pa mzee. Kinasa sauti kipimwe kichukue sampuli 48,000 kwa sekunde, maana ndicho kipimo cha kazi za sinema, na kiwango cha sauti kisiachwe kufika juu kabisa, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kipaza sauti kivikwe sponji au manyoya ya kukinga upepo. Mmoja wetu avae hedifoni tangu mwanzo hadi mwisho, maana sikio tupu husamehe mengi ambayo mashine haisamehe. Mahali pa mazungumzo pachaguliwe kwa masikio kabla ya macho: tusikae karibu na mashine ya kukoboa mpunga, wala chini ya bati mvua ikitisha, wala gatini saa ya maji kujaa, kwa sababu ndiyo saa boti zinapotoka. Asubuhi na mapema, kabla ya upepo kuamka, ndiyo saa njema.

Sasa wapo watakaouliza: ikiwa sauti imo katika chombo kimoja na picha katika kingine, vitakutanaje? Jambo hili si geni nchini kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na jaribio la filamu za kufundishia watu wa Afrika Mashariki na ya Kati, likiongozwa na Meja Notcutt. Filamu kama 35 zilitengenezwa, na sauti zake hazikuwa ndani ya filamu, bali katika sahani za santuri zilizochezwa pamoja na picha. Hata filamu ya Marekani iliyovuma sana mwaka 1927, The Jazz Singer, sauti yake ilikuwa katika sahani. Kazi ya namna hiyo ilitaka uangalifu mkubwa, maana sindano ikiruka, maneno na midomo huachana. Sisi tumerahisishiwa, kwa kuwa tuna kompyuta.

Njia yenyewe ni kupiga kofi. Kamera na kinasa sauti vyote viwashwe. Mtu aseme jina la mzee, mahali na namba ya mazungumzo. Kisha apige kofi moja mbele ya kamera, karibu na kipaza sauti. Kwenye kompyuta itafutwe picha ambayo viganja vinakutana, na katika mchoro wa sauti utafutwe mwiba mrefu uliosimama peke yake. Viwili hivyo vikiwekwa pamoja, yote yanayofuata yatakwenda sawa. Picha zikiwa 25 kwa sekunde, kila moja huchukua sehemu 40 za elfu ya sekunde, na kwa muda huo sauti husafiri karibu mita 14 hewani. Sauti mbaya ya kamera nayo isizimwe wakati wa kupiga, kwa kuwa ndiyo kiongozi: ziko programu zinazolinganisha sauti mbili na kuziunganisha zenyewe. Kazi ikiisha, ile ya kamera huondolewa. Kamera nyingi za namna hii husimama kabla ya nusu saa, hali kinasa sauti kinaendelea. Kwa hiyo kila kamera ikiwashwa upya, kofi lipigwe upya. Na mwisho pia lipigwe, maana saa za vyombo viwili hazilingani kabisa, na katika mazungumzo marefu tofauti hiyo huanza kuonekana midomoni.

Hapa pana jambo la adabu ambalo vitabu vya mafundi wa Ulaya havitatufundisha. Kijana kumpigia mzee kofi mbele ya uso wake, bila neno, ni utovu wa adabu. Tukishamwamkia shikamoo na kupata ruhusa yake, tumweleze kazi ya kofi hilo, kisha tumwombe alipige yeye mwenyewe. Atacheka, nasi tutacheka, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha anza.

Wengine watasema, “Fedha za kinasa sauti ziko wapi?” Najibu kwamba fedha zilizopangiwa lenzi ya pili ndizo hizo. Na kama hata hizo hazipo, simu ya mkononi yenye kipaza sauti cha kubana, ikitiwa katika mfuko wa shati la mzee, itashinda kamera iliyo mbali. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini mwalimu mlezi wa chama anaweza kutusaidia. Wengine watasema maneno yaandikwe chini ya picha, au wimbo mzuri uwekwe juu ya kelele. Maandishi yatatupa maana, lakini hayatatupa lafudhi ya Kirufiji au ya Kindengereko, wala jinsi mzee anavyolitamka jina la mkondo ambao kijana wa leo halijui. Na wimbo hauna habari yoyote ya mafuriko. Wengine tena watasema, “Tutamwomba arudie.” Mzee hurudia kwa hisani, lakini masimulizi ya pili huwa mafupi na baridi. Na huenda siku ya kurudia isiwepo.

Kwa hiyo naomba chama chetu cha filamu kiamue kabla ya likizo ijayo: tununue kinasa sauti kimoja na kipaza sauti cha kubana kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kamera, kila mwanachama ajifunze kuunganisha sauti na picha kwa kofi, na kila mazungumzo yaandikwe jina na tarehe, nakala mbili ziwekwe mahali pawili. Wanachama wanaokaa Nyamisati, Mbwera, Salale na kwingineko delta waanze na wazee wa nyumbani kwao, maana hao hawahitaji nauli.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine naye aandike, tusikie.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano