Viza ya vipaji Marekani: Mkulima wa alizeti anahusikaje?

NCHI tajiri zimekuwa zikigombea wataalamu kama wanunuzi wanavyogombea kahawa ya daraja la kwanza mnadani. Marekani ina mlango maalumu kwa kazi hiyo, yaani viza ya watu wenye uwezo wa kipekee, na miongoni mwa wanaoupitia ni wakemia wanaotafiti viyeyushi visivyodhuru watu wala mazingira.

Kwa haraka, jambo hilo linaweza kuonekana halimhusu mkulima wa alizeti wa Singida wala mfanyabiashara wa mashudu. Hata hivyo, kinachotafutwa katika maabara hizo ni namna mpya ya kutoa mafuta kwenye mbegu, na malighafi yake inaweza kuwa magunzi ya mahindi yanayochomwa moto shambani.

Kiyeyushi ni kimiminika kinachotoa kitu ndani ya kingine, kama maji ya moto yanavyotoa rangi na ladha kwenye majani ya chai. Mashine ndogo ya kukamua alizeti huacha mafuta mengi kwenye mashudu. Kiwanda kikubwa huyaosha mashudu hayo kwa kiyeyushi na kubakiza takriban asilimia 1 tu ya mafuta. Pareto nayo hutolewa sumu yake ya kuua wadudu kwa njia ya namna hiyo.

Kiyeyushi kinachotumika zaidi duniani katika kazi hiyo ni heksani, kinachotokana na mafuta ya petroli. Kinapendwa kwa sababu ni rahisi kwa bei na huchemka katika nyuzi joto 69 hivi, hivyo kiwanda hukivukiza na kukitumia tena bila kuchoma kuni au umeme mwingi. Ubaya wake ni kwamba hushika moto kwa urahisi, na mfanyakazi anayevuta mvuke wake kwa muda mrefu anaweza kuharibika mishipa ya fahamu.

Sheria zinabadilika

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2009, unataka masalia ya heksani yasizidi miligramu 1 katika kilo moja ya mafuta ya kula. Januari 2023 umoja huo uliruhusu kiyeyushi kingine kitumike katika vyakula, kiitwacho metiloksolani, ambacho hutengenezwa kutokana na mabaki ya mazao kama magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Marekani nayo mwaka 2024 ilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani, kiyeyushi cha kuondolea rangi ya zamani ambacho kimewahi kuua wafanyakazi.

Sheria za namna hiyo ndizo zinazompa thamani mkemia wa viyeyushi salama. Kiwanda kinachozuiwa kutumia kimiminika cha zamani kinahitaji kipya, na anayekijua anaweza kuuza ujuzi wake popote.

Viza yenyewe inatokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Mwombaji hahitaji mwajiri, bali anaweza kujiombea mwenyewe. Anatakiwa awe na tuzo kubwa ya kimataifa, kama Nobel, au atimize angalau vigezo 3 kati ya 10. Kwa mkemia, vigezo vinavyowezekana zaidi ni makala za kitaalamu, kualikwa kukagua kazi za wenzake, na ugunduzi wenye uzito mkubwa katika fani.

Kutimiza vigezo hivyo pekee hakutoshi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilitoa hukumu katika kesi ya mwanafizikia mmoja, na tangu hapo maofisa huhesabu vigezo kwanza, kisha hupima kama kweli mwombaji yumo katika kundi dogo la walio juu kabisa. Ndiyo maana hati miliki ambayo kiwanda fulani kinaitumia huwa na nguvu kuliko hati iliyofungiwa kabatini.

Si cheti cha ubora

Wafanyabiashara wanapaswa kuwa makini hapa. Ofisa wa uhamiaji hupima sifa za mtu. Hapimi kama kimiminika chake ni salama au kina faida. Akija muuzaji wa mtambo na kujigamba kwamba mgunduzi wake amepewa viza ya vipaji, mnunuzi aulize bei ya kiyeyushi kwa lita, kiasi kinachopotea kila mzunguko, masalia yanayobaki kwenye mafuta na mashudu, na hatari ya moto.

Maswali hayo yana sababu. Metiloksolani, kwa mfano, huchemka katika nyuzi joto 80 hivi na huchanganyika na maji kidogo, hivyo kuirejesha safi kuna gharama zake. Kuitwa rafiki wa mazingira hakuondoi hesabu ya mafuta na umeme.

Kwa mkulima, suala kubwa ni nani atanufaika na mabaki yake. Marekani ilianza zamani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats, mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, iligeuza maganda ya shayiri kuwa furfurali, kemikali ambayo hadi leo ni hatua ya kwanza kuelekea metiloksolani. Kilichokuwa taka kiwandani kikawa bidhaa.

Magunzi, makapi ya miwa na pumba za mpunga vipo kwa wingi Afrika Mashariki. Hati miliki hudumu miaka 20 na ina nguvu katika nchi ilikosajiliwa tu, hivyo si kila ugunduzi wa Marekani umefungwa huku. Kinachokosekana mara nyingi ni mkemia wa kuufanyia kazi na mtaji wa kujenga mtambo.

Nchi inayomsomesha mkemia kwa kodi ya mkulima kisha ikamwacha bila maabara isishangae akipokelewa kwingine. Vyama vya ushirika na wenye viwanda vya mafuta wangefanya vyema kuanza sasa kushirikiana na vyuo vikuu kupima mabaki ya mazao yao. Vinginevyo, magunzi yataendelea kuchomwa moto shambani, na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa magunzi ya wengine kitanunuliwa kwa fedha za kigeni.