Swali Lipasalo Kutangulia

Mtu akifa kwa mkono wa mwingine, maswali mengi yaweza kuulizwa juu ya kifo chake, lakini moja tu ndilo listahililo kutangulia yote: Nani aliyemwua? Jambo hili ni wazi, wala halionekani kuhitaji mwalimu. Walakini mimi, nifundishaye walimu hapa Kisumu, nililisahau siku niliyopaswa kulikumbuka. Kwa hiyo insha hii yaanza na kosa langu mwenyewe.

Jioni ya tarehe 3 Septemba 2018, Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, mwenye umri wa miaka 26, alichukuliwa kwa gari pamoja na mwandishi wa gazeti. Mwandishi aliruka gari likiwa mbioni, akaokoka. Sharon hakuokoka. Kesho yake maiti yake ilionekana katika msitu wa Kodera, karibu na Oyugis, ina majeraha ya kisu. Alikuwa mja mzito wa miezi saba.

Habari ilipotufikia katika chumba cha walimu, pamoja na maneno juu ya urafiki wake na mtu mwenye cheo, wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Nilisema, "Lakini binti huyu alifuata nini huko?" Hapana aliyenipinga. Mwenzangu mmoja aliongeza methali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama aliyekuwa akituletea chai, ambaye naye ana binti chuoni, aliweka birika mezani akauliza kwa upole, "Na hao waliomchukua, walimu, mbona hamwataji?" Kengele ikalia, tukachukua vitabu vyetu tukatoka. Hatukumjibu.

Tangu siku ile nimelipima swali langu, nami nimeliona lina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuitumia methali mahali pasipokuwa pake. Avunjikaye guu kwa ukaidi hujikwaa mwenyewe. Jiwe alilojikwaa halikumvizia njiani, wala halikukodi gari. Lakini kisu hakijiendei. Kina mpini, na mpini hushikwa na mkono, na mkono huo una mwenyewe. Kuiita kazi ya mkono huo "kuvunjika guu" ni kuugeuza uuaji kuwa ajali, na muuaji kuwa jiwe.

Kosa la pili ni la kutokuwa na haki katika hukumu. Watu kadhaa walishtakiwa kwa kifo hiki, miongoni mwao aliyekuwa Gavana wa Migori wakati ule. Walikana mashtaka, nao, kama Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya iamuruvyo, walistahili kuhesabiwa kuwa hawana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo ni njema, nami naitetea. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya mahakama, si ya insha. Lakini tazameni ajabu yetu! Walio hai tuliwangojea mahakama. Marehemu, asiye na wakili wala ulimi wa kujitetea, tulimhukumu siku ile ile, kabla chai haijapoa.

Kosa la tatu ni upendeleo. Mwezi wa Februari 1990, Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, na maiti yake iliyochomwa ikaonekana karibu na kilima cha Got Alila. Vijana na wanafunzi walijaa katika barabara za Kisumu na Nairobi wakitaka kujua nani aliyemwua. Na palipotajwa kwamba huenda alijiua, walikataa. Hilo lilikuwa swali la haki. Lakini mwaka 2018 hatukumwuliza Sharon lilo hilo. Mwaka 2019 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi aliuawa mchana mjini Eldoret, na mara watu wakaanza kuhesabu fedha ambazo yasemekana alipokea. Waziri akiuawa twamtafuta muuaji. Msichana akiuawa twatafuta dosari zake. Je, damu ya huyu ni nyepesi kuliko ya yule?

Najua nitakalojibiwa: "Basi, mwalimu, tusiwaonye binti zetu?" Waonyeni! Nami huwaonya wanafunzi wangu. Lakini onyo ni kitu cha walio hai. Haliwezi kumfaa aliyekwisha kufa, huweza tu kumfaa aliyemwua. Katika ufuko wa Dunga mvuvi huonywa juu ya kiboko, na akiuawa twaweza kusema alikaribia mno, kwa maana kiboko hana akili ya kukatazwa wala mahakama ya kupelekwa. Tumwonyapo msichana peke yake, na kaka yake tukamwacha bila neno, twamfundisha kaka kwamba naye ni kiboko, kiumbe kisicho na dhima. Hilo ni tusi kwa kila mvulana asomaye ukurasa huu.

Ibara ya 26 ya Katiba yetu humpa kila mtu haki ya kuishi. Haisemi kila mtu mwenye mwenendo utupendezao. Laiti ingesema hivyo, nani kati yetu walimu angelala usiku bila hofu?

Vijana wapenzi, mtasikia tena habari za namna hii, shuleni, sokoni, ndani ya matatu. Kutakuwa na mtu mzima mwenye heshima, kama mimi, atakayeuliza marehemu alifuata nini. Msimtukane, maana adabu haidhuru haki. Mwulizeni tu kama alivyoniuliza mama yule wa chai: Na hao waliomchukua, mbona huwataji? Kisha msinyamaze mpaka ajibu, hata kengele ikilia. Mimi ilinichukua siku nyingi kurudi kwake na kumwambia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko langu.