Eti "kuku tu"?

Wadau, najua nimepotea wiki kadhaa. Majaribio yameisha, nipo hai. Leo nina la kusema, na linahusu kuku.

Juzi kwenye kipindi cha historia ya sanaa tuliwashiwa projekta, ikatokea picha ya zamani ya rangi za mafuta kutoka Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji ya leo. Ua wa nyumba, karne ya 17: jogoo, tetea na vifaranga, bata wawili, bata mzinga, na tausi juu ya ukuta. Chini imeandikwa tu "shule ya Flanders", yaani wataalamu wanautambua mkono umetoka upande gani ila jina la mchoraji limepotea. Tukaambiwa kila mtu achague picha moja aiandikie insha. Nikachukua hiyo. Darasa likacheka, na jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Umetoka kijijini mpaka chuo kikuu kuja kusoma kuku?"

Ilinikera, sifichi. Ila dharau yenyewe ni ya siku nyingi. Mfaransa André Félibien alishapanga madaraja ya picha miaka ya 1660: juu kabisa visa vya historia na dini, wanyama huko chini, na matunda na vyombo mkiani kabisa. Yaani ukichora mfalme wewe fundi, ukichora jogoo wewe wa kawaida.

Sasa hebu tumuulize Rubens mwenyewe, maana huyo hakuna anayemcheka. Alichora picha ya Prometheus, yule wa hadithi za Wagiriki aliyefungwa mwambani huku tai anamla ini. Ipo Philadelphia, Marekani. Tai hakumchora Rubens. Alimwachia Frans Snyders, mwenzake wa Antwerp aliyebobea kwenye wanyama, na mwaka 1618 akaandika wazi kwenye barua kwamba tai ni kazi ya Snyders. Rubens! Bingwa wa daraja la juu kabisa, na ndege akampa mwenye ndege wake.

Halafu kuna kitu darasa zima hawakukiona. Mimi nimekua na kuku, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mayai ya mama. Kuku akihisi mwewe hainui uso kama sisi. Anainamisha kichwa upande, anakodoa jicho moja juu. Tetea wa kwenye ile picha amekaa hivyo hivyo: shingo imevimba manyoya, mabawa ameyashusha, vifaranga wawili wameshaingia chini, wa tatu bado anahangaika na punje. Mwewe haonekani popote. Yupo nje ya fremu, na anayejua kuku anamuona. Huyo mchoraji alikaa uani akatazama, tena sio siku moja. Na rangi ya mafuta inakauka polepole, kwa hiyo alipaka tabaka jembamba, akasubiri, akaja na lingine juu yake, mpaka shingo ya jogoo ikapata ule ung'aavu wa kijani juu ya weusi.

Na hao ndege wametoka wapi? Asili ya kuku ni Asia ya kusini-mashariki. Tausi, India. Bata mzinga katoka Amerika, kafika Ulaya karne ya 16, na wenyeji wakachanganyikiwa kabisa. Kwa Kiholanzi mpaka leo anaitwa kalkoen, jina linalotokana na mji wa Calicut, India! Linnaeus naye mwaka 1758 akampa jina Meleagris, ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga, yule yule wa madoadoa wa kwetu Afrika. Ua mmoja, na safari za meli za mabara manne zimo ndani yake. Halafu mtu ananiambia kuku tu.

Nisiisifie kupita kiasi lakini. Picha inadanganya pia. Hakuna hata tone la kinyesi, na mwenye banda anajua huo ni uongo mtupu. Tausi na bata mzinga walikuwa fahari ya matajiri, sio mifugo ya mkulima wa kawaida, na yule aliyewalisha asubuhi na kufagia ua hakuchorwa kabisa. Hilo nitaliandika kwenye insha, na nina wasiwasi litanipunguzia maksi kwa sababu tuliambiwa tujadili "uzuri". Liwalo na liwe.

Kukusanya ni Ijumaa. Yule jamaa aliyecheka amechagua mfalme juu ya farasi. Nimemuuliza farasi kachorwa na nani. Bado anatafuta.