Majalada Yetu na Mkono wa Fundi

Juzi hapa Utemini, Singida, mwalimu mmoja mstaafu alinionyesha diwani yake iliyotoka kuchapwa. Mashairi matamu. Lakini jalada! Ua waridi la Ulaya limeokotwa mtandaoni, na jina la kitabu limeandikwa kwa herufi zilezile za matangazo ya mikopo na kadi za harusi. Nilimsifu, kisha nikanuna moyoni.

Jamani, tumekosa nini? Nyumba ya tatu kutoka kwake yupo fundi anayeandika mabango ya maduka. Nimemtazama kazini: anapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, anachora kwa penseli, ndipo anashika brashi bapa. A ikikutana na V anazisogeza zibanane, maana zikiachana neno linabaki na pengo kama la jino lililong'olewa. Hapo hatumii rula, anapima kwa jicho. Fundi huyo hajaombwa jalada hata moja. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Nasi tumeuacha, tena kwa msala ambao kila mtu anao.

Wala si jambo geni kwetu. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ilinakiliwa na kunakshiwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alitunga, alichonga mbao, akanakili tendi kwa hati ambayo leo imehifadhiwa hadi London. Sisi tunaoamini kwamba Mungu aliapa kwa kalamu, na kwamba Musa alipewa mbao zilizoandikwa kwa kidole cha Mola, tunauonea haya mkono?

Mtasema mkono ni ghali. Rahisi ghali! Watu wa Singida, nyinyi hodari mnaochambua mbegu ya alizeti punje kwa punje kabla ya mvua, mnashindwaje kuchagua herufi?

Na vijana, hebu niwaseme: hiyo "xaxa" mnayoiandika badala ya "sasa" ni nini? S imewakosea nini? Herufi imejipinda vizuri kama kijito, mnaifuta na kuweka alama ya aliyekosa hesabu. Mwacha asili ni mtumwa.

Mwalimu ana diwani ya pili mezani, nami nimeshampeleka kwa fundi. Nanyi waandishi wenye mswada tayari, kabla ya kwenda kwa mchapaji, piteni kwanza kwa mwandika mabango wa mtaani kwenu.