Kabla hujatuma pesa ya kadi mpya, omba picha nne

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia kutoka Tanga. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua kuna jambo. "Mjomba, nimebadilisha mazabodi ya kompyuta, sasa ile kadi ya grafiki ya zamani imekataa. Haileti picha kabisa. Fundi anasema kadi ni ya 2016, bodi mpya haiitaki. Inabidi ninunue nyingine."

Kwa hesabu ya huku Muscat, alichokuwa anaomba ni kama riali 85, zaidi ya dola 220. Pesa hiyo nilikuwa nimeshaitenga kwa ajili ya bati za jikoni kwa mama yake. Na kijana si mtu wa mchezo. Anahariri video za harusi, na alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya kazi mbili. Kompyuta ikilala wiki mbili, jina lake mjini linachafuka.

Nilibaki kidogo tu nitume. Wengi wetu ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu wa nyumbani akisema karo, tunaomba risiti. Akisema mfuko wa saruji, tunajua bei hadi ya mtaa wa pili. Lakini akitaja kifaa cha kompyuta, tunaona aibu kuonekana hatujui, tunatuma tu. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo pesa nyingi inapotea bila mwizi yeyote. Mpwa wangu hakuwa anadanganya. Fundi naye huenda alisema alichoamini. Ila hakuna aliyekagua.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, kwani si gumu kama linavyosikika. Kadi za grafiki za miaka mingi sasa zinachomekwa kwenye sloti inayoitwa PCI Express. Sloti hii imepita matoleo kadhaa, lakini umbo lake halikubadilika na matoleo yanaelewana. Kadi ya toleo la 3.0 ukiichomeka kwenye sloti ya 4.0 au 5.0 itafanya kazi kwa mwendo wake uleule wa 3.0. Kwa hiyo mtu akikwambia "kadi ni ya zamani, bodi ni mpya, haziendani", umri peke yake si sababu. Zisizoingia kweli ni zile kadi za kizamani za AGP, ambazo sloti yake haimo tena kwenye bodi za leo.

Nilimwomba picha nne za simu. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, huniamini?" Nikamwambia, "Ningekuwa sikuamini nisingeuliza, ningekataa tu." Akacheka, akatuma.

Picha ya kwanza: kadi yenyewe na lebo yake. Ilikuwa GTX 1060 ya 6GB. Hiyo ilitoka 2016 na ni ya PCI Express 3.0. Hapa pia mwambie apime urefu wa kadi na nafasi iliyomo ndani ya kasha, maana kadi nyingi zinachukua upana wa sloti mbili.

Picha ya pili: lebo ya pawa saplai na nyaya zake. Sloti hutoa wati 75 tu. GTX 1060 inakula wati 120, kwa hiyo inahitaji waya wake wa pini sita kutoka kwenye pawa saplai, na Nvidia wenyewe walipendekeza pawa saplai ya wati 400. Waya huo ukisahauliwa, kadi itaonekana imekufa kumbe ina njaa. Wa mpwa wangu ulikuwa umechomekwa, na pawa saplai ilikuwa ya wati 450. Sawa.

Picha ya tatu: jina la bodi na la prosesa. Bodi ilikuwa ya B660, prosesa ni Core i5-12400F. Hapo nikasimama kwenye ile herufi F. Kwa Intel, F mwishoni maana yake prosesa haina grafiki yake ya ndani. Ndiyo maana huwa bei nafuu. Bila kadi, kompyuta hiyo haitatoa picha hata kidogo.

Picha ya nne: mgongo wa kompyuta, waya wa skrini ukiwa umechomekwa. Na jibu lilikuwa pale. Waya ulikuwa kwenye tundu la HDMI la mazabodi, juu, badala ya tundu la kadi, chini. Tundu lile la juu kwa prosesa ya F ni pambo tu. Kwenye kompyuta yake ya zamani prosesa ilikuwa na grafiki ya ndani, kwa hiyo tundu lile lilikuwa likifanya kazi na hakuna aliyeshtuka.

"Hamisha waya uweke chini." Dakika mbili. "Mjomba, imewaka."

Ndugu zangu, riali 85 zilikuwa zinakwenda kutibu waya uliokosea tundu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Zipo nyakati ambapo kadi mpya ni ya lazima. Kadi za kabla ya 2012 hivi, nyingi hazina programu ya kuwakia kwa mfumo wa UEFI, na bodi za sasa mara nyingi zimeacha mfumo wa zamani. Hapo unaweza kupata skrini nyeusi hata kila kitu kikiwa mahali pake. Kadi ikiwa imeungua nayo imeungua. Lakini hata hapo, majaribio yatangulie. Kadi ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine, na kompyuta ijaribiwe kwa kadi ya kuazima. Fundi anayekataa kufanya hivyo, tafuta mwingine.

Na kadi mpya ina watoto wake. Skrini ya mpwa wangu ina tundu la DVI pia, na kadi nyingi mpya hazina DVI. Kama ingekuwa na DVI peke yake, baada ya wiki ningeombwa pesa ya skrini. Ukimnunulia huku ukampa msafiri ampelekee, ikifika imekufa nani atairudisha dukani?

Kuna watakaosema, "Pesa yenyewe si kubwa, tuma tu kijana asikwame." Nawaelewa, nami nilikuwa huko. Lakini hesabu ya mtu wa ughaibuni haiharibiwi na ombi moja kubwa. Inaharibiwa na maombi ya katikati, yale ambayo hayatoshi kukufanya ugombane na mtu lakini yanatosha kuondoa bati kwenye paa. Na kumkagulia kijana ni kumfundisha kazi. Leo mpwa wangu anajua kusoma lebo ya pawa saplai. Pesa isingemfundisha hilo.

Jambo la mwisho, la akiba. Kadi hii si ya milele. Nvidia walisimamisha programu mpya za kawaida za kundi hili la GTX 1000 mwezi wa Oktoba 2025, na wakaahidi marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo siku ya kadi mpya itakuja, ila inajulikana mapema. Tumekubaliana hivi: kila harusi anatenga kiasi kidogo, na mimi naongeza nusu ya alichoweka. Asipoweka, siweki. Siku ikifika tutanunua kwa raha, si kwa simu ya usiku yenye salamu ndefu.

Ukipata simu ya aina hiyo wiki hii, usikatae na usitume. Omba picha nne: kadi na lebo yake, pawa saplai na nyaya, jina la bodi na prosesa, na mgongo wa kompyuta waya wa skrini ukiwa umechomekwa. Kama wewe huzielewi, mpelekee mwenzako wa hapo ulipo anayejua kompyuta, hakosekani hata mmoja. Kwa dada yangu bati zimeshapigwa, na harusi zote mbili zimekabidhiwa kwa wenyewe.