KUISOMA FALSAFA YA ADWAITA

Wako wenzetu bwenini waliosikia ya kuwa wataalamu fulani wa Bara Hindi walifundisha kwamba ulimwengu huu ni kiinimacho. Sasa wakiambiwa wafagie, hujibu kuwa ufagio haupo. Sisi hucheka, lakini naona mzaha huu waiharibia jina falsafa kubwa, nami nataka kuitetea.

Falsafa hiyo huitwa Adwaita, maana yake katika Kisanskriti ni “si mbili”. Mwalimu wake mashuhuri ni Shankara, ambaye wanazuoni wengi humweka katika karne ya 8. Alifasiri Upanishadi, Bhagavad Gita na Brahma Sutra. Mwanafunzi mwenye haraka hukimbilia hiki cha mwisho, maana ugumu wake humpa mtu sifa. Hiyo ni kazi bure. Kina vifungu zaidi ya 500, vingine vya maneno mawili matatu tu, wala havieleweki bila ya mfasiri. Ni kama kupewa majibu ya hesabu pasipo maswali.

Yafaa kuanza na sura ya 6 ya Chandogya Upanishadi. Humo mna kijana Shvetaketu, aliyekwenda kusoma akiwa na miaka 12, akarudi ana miaka 24, amejaa majivuno. (Kidato cha nne twamjua sana kijana huyu.) Baba yake, Uddalaka, amwagiza atie chumvi katika maji, na asubuhi aitafute. Haionekani. Aonja juu, kati na chini: kote ni chumvi. Ndivyo baba amfundishavyo kuwa asili ya vitu vyote imeenea pote bila ya kuonekana, na kwamba asili hiyo ndiyo yeye mwenyewe. Tena ampa mfano wa udongo: ukiujua udongo, umevijua vyombo vyote vya udongo. Basi Adwaita haisemi kuwa chungu hakipo; yasema hakina uhai wake mbali na udongo. Wafagiaji wetu washike ufagio!

Tena Shankara alitaka mwanafunzi awe na mambo manne kwanza: kupambanua cha kudumu na cha kupita, kutotamani malipo, kuitawala nafsi, na shauku ya kupata uhuru. Mtihani huo ni mzito kupita wetu. Wala mtu asidhani Wahindu wote humkubali. Ramanuja na Madhva, Wahindu kama yeye, walimpinga vikali, na ni vema kuzisoma hoja zao pia.

Wengine huniuliza kama siogopi kupoteza dini yangu. Hofu hii siidharau. Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Kiislamu huko Delhi, mwaka 1657 alikamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, akiamini zaafikiana na Kurani. Mwaka 1659 aliuawa na ndugu yake aliyegombania naye ufalme, na katika mashtaka yake mlikuwamo kuiacha dini. Lakini tafsiri yake ilihamishwa katika Kilatini, ikachapishwa mwaka 1801 na 1802, na kwa njia hiyo wasomi wa Ulaya wakazijua Upanishadi. Kama mwana wa mfalme alithubutu kusoma kwa hatari ya namna hiyo, sioni kwa nini sisi, tusiotishwa na yeyote ila kicheko cha bwenini, tusithubutu.

Kwa hiyo naiomba Kamati ya Maktaba itununulie tafsiri moja ya Upanishadi yenye maelezo. Mimi nitakuwa wa kwanza kuiazima.